Misa Ukutani: Jinsi ya Kuagiza Mchoro wa Sherehe ya Kanisani

Yubilei ya ndoa imekwisha, au upadrisho umekwisha, na wageni wamesharudi Likasi na Kolwezi. Simu za ukoo mzima zina mamia ya picha za misa ile, lakini hakuna hata moja yenye watu wote. Bibi yuko nyuma ya nguzo. Baba wa ubatizo kafumba macho. Padri kageuka. Hapo ndipo mtu mmoja husema: tumtafute mchoraji atutengenezee tablo.

Wazo ni zuri, na mji unaruhusu. Lubumbashi ilikuwa na wachoraji tangu ilipoitwa Élisabethville. Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana yake, Le Hangar, mwaka 1946, na humo wakakua akina Pilipili Mulongoy, Bela na Mwenze Kibwanga. Laurent Moonens akaanzisha chuo cha sanaa mwaka 1951. Miaka ya 1970 Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi nzima juu ya vitambaa vya magunia ya unga, tablo za kutundikwa sebuleni ziwe ukumbusho. Mafundi wapo hata leo. Kinachopungua ni maandalizi ya mwenye kuagiza. Anafika kwa mchoraji akiwa na mambo mawili tu, upana wa ukuta na fedha alizonazo, ilhali swali zito ni jingine: nani anasimama wapi, na nani anaachwa. Swali hilo lisipojibiwa nyumbani, mchoraji atalijibu mwenyewe, na ukoo utagombana mbele ya rangi iliyokwisha kukauka.

Kabla ya hatua zenyewe, tumwangalie fundi mmoja aliyepewa kazi ya namna hii, tena na mteja mgumu.

RUBENS NA SHEREHE ASIYOIONA

Tarehe 13 Mei 1610, Marie de' Medici alivishwa taji la malkia wa Ufaransa ndani ya Saint-Denis, kaskazini ya Paris. Hilo ni kanisa la mtindo wa Gothiki lenye makaburi ya wafalme, na tangu 1966 ni kanisa kuu la jimbo. Kesho yake mumewe, mfalme Henri IV, alichomwa kisu barabarani akafa. Mwaka 1622 Marie, sasa mjane mwenye maadui wengi, alimwagiza Peter Paul Rubens wa Antwerp michoro 24 ya kupamba jumba lake la Luxembourg, mingi ikiwa juu ya maisha yake. Mchoro wa kutawazwa una kimo cha mita 3.94 na upana wa mita 7.27. Leo uko Louvre.

Rubens hakuwepo Saint-Denis siku ile. Alichora kwa maelezo ya wengine zaidi ya miaka kumi baadaye, na bado mchoro wake hukufanya uamini ulikuwa umekaa benchi la tatu. Ukiupata katika kitabu au kwenye simu, uangalie taratibu.

Malkia amepiga magoti upande wa kulia, kwenye ngazi za altare, na kardinali anamvika taji. Joho lake la buluu lenye maua ya dhahabu linamwagika nyuma hadi kwa mabibi wanaolishika, na msafara wa mabibi hao ndio unaolisukuma jicho lako kutoka kushoto hadi kwake. Matao ya kanisa, ambayo kwa kweli ni marefu ajabu, hayapewi nafasi ya kumshinda. Mfalme yuko wapi? Juu, nyuma, kwenye roshani, mdogo. Anatazama tu. Marguerite de Valois, mke wa zamani wa mfalme ambaye ndoa yake ilibatilishwa mwaka 1599, naye yumo katika msafara. Alihudhuria kweli, na kumfuta kungekuwa tangazo. Hewani wanaruka watu wawili wenye mabawa wakimwaga sarafu za dhahabu. Hao hakuna aliyewaona siku ile, ila kila mtu anaelewa maana yao, hasa sisi ambao huwatuza maharusi kwa noti mchana kweupe. Na mbele kabisa, katikati ya utukufu wote huo, mbwa wawili. Mimi nawapenda mbwa hao kuliko makardinali. Bila wao sherehe ingekuwa nzito mno.

Kila kitu hapo kilipangwa. Nafasi ya mtu, ukubwa wake na upande anaoelekea viliamuliwa kwanza; rangi ikafuata. Ndivyo nawe utakavyofanya.

HATUA YA 1: AMUA KAMA UNACHORESHA WATU AU KANISA

Huwezi kupata vyote viwili kwa nguvu sawa, na mchoraji anayekuahidi vyote kwa pamoja mwogope kidogo.

Enzi za Rubens, mjini kwake Antwerp, walikuwepo wachoraji waliofanya kinyume chake. Peeter Neeffs alichora ndani ya makanisa, likiwemo kanisa kuu la Mama Yetu la Antwerp: nguzo juu ya nguzo, matao yanayopotea kwa mbali, na watu wadogo chini wasiotambulika sura. Tena watu hao mara nyingi walichorwa na fundi mwingine, kama wale wa ukoo wa Francken, kwa sababu mkono unaojua kunyoosha tao si lazima ujue pua ya mtu. Kule Uholanzi, Pieter Saenredam alipima kanisa kwa mikono yake, akachora michoro ya penseli yenye tarehe, na wakati mwingine aliigeuza kuwa rangi baada ya miaka mingi.

Kwa hiyo jiulize: wajukuu wakisimama mbele ya tablo hii, ungependa waseme "huyu ni babu" au "hili ni kanisa letu"? Kama ni babu, kanisa liwe pazia tu: nguzo mbili, altare, dirisha moja. Kama ni kanisa, kwa mfano parokia inatimiza miaka hamsini, ukubali kwamba sura za watu zitakuwa nukta za rangi, na uwaambie wanakamati hivyo mapema. Kanisa Kuu la Watakatifu Petro na Paulo, lililojengwa na Wabenedikto enzi za Jean-Félix de Hemptinne, lingestahili Neeffs wake. Ndoa ya dada yako inamtaka Rubens.

HATUA YA 2: CHAGUA DAKIKA MOJA

Misa kubwa ina maingilio, masomo, viapo, matoleo, komunyo, baraka. Mchoro unabeba dakika moja. Watu wengi hukimbilia kuvishana pete, nami naona ni chaguo baya kwa ukuta. Pete ni kitu kidogo. Ukiwa umekaa kwenye kiti upande wa pili wa sebule, unachoona ni migongo miwili na mkono.

Dakika zinazochorwa vizuri ni zile ambazo mwili mzima unafanya kitu:

• Kulala kifudifudi kwa mashemasi na mapadri wapya mbele ya altare. Nguo nyeupe chini, watu wamesimama pande zote: nusu ya kazi imejipanga yenyewe.
• Maandamano ya kuingia au ya matoleo. Ibada ya misa iliyoidhinishwa na Roma mwaka 1988 kwa majimbo ya Zaire inaruhusu kucheza kuzunguka altare, na mabega ya watu wanaocheza huupa mchoro uhai ambao mistari ya watu waliosimama haiwezi kuutoa.
• Wazazi kuwawekea watoto wao mikono kichwani.

Matoleo nayapendelea zaidi. Kila mtu ana kitu mkononi: kapu la ndizi, sinia la unga, kuku aliyefungwa miguu anayeinua shingo kuangalia watu, mshumaa mrefu. Vitu hivyo humpa mchoraji kazi ya kupendeza, na humsaidia mtazamaji kujua nani ni nani hata sura ikififia.

HATUA YA 3: ANDIKA ORODHA YA WATU, NA UIMALIZE NYUMBANI

Hii ndiyo hatua inayotaka muda kuliko zote. Ifanye mezani, na pande zote mbili ziwepo kama ni ndoa.

Gawa karatasi sehemu tatu. Ya kwanza ni watu ambao sura zao lazima zitambulike. Ya pili ni wanaotambulika kwa vazi au kwa kazi: padri, kwaya, watoto wa Kizito-Anuarite, mama wa chama fulani cha parokia. Ya tatu ni umati.

Sasa pima. Ili sura itambulike kutoka mita tatu au nne, kichwa kiwe na kimo cha sentimita tano hivi. Kwa kichwa cha namna hiyo, mtu na mabega yake anachukua upana wa sentimita kumi na mbili. Tablo ya mita moja na nusu inabeba watu kumi na wawili kwa mstari. Ukiwapanga mistari miwili wakipishana, wanafika kama ishirini, na hapo padri hana nafasi ya kunyoosha mikono. Rubens alikuwa na mita saba, wewe huna. Familia inayoleta orodha ya watu arobaini kwa tablo ya mita moja inaagiza kikapu cha machungwa.

Ukishajua idadi, panga nafasi:

1. Mhusika mkuu asiwe katikati kabisa kama hakuna sababu. Malkia wa Rubens yuko kulia, na anatawala mchoro wote kwa sababu wengine wote wanaelekea kwake.
2. Wazazi wa pande mbili wawe na ukubwa sawa. Hili mwambie mchoraji kwa kinywa chako. Asipoambiwa, atawakuza wale waliomlipa.
3. Mkubwa wa heshima asiye mhusika wa siku hiyo, kama diwani, bosi au mjomba tajiri, mweke alipo Henri IV: mahali pa juu, mbali kidogo. Ni heshima, na hamzibi mtu.
4. Mke au mume wa zamani aliyehudhuria kweli, aonekane. Hahitaji kuwa mbele.
5. Watoto na wanyama wawekwe chini mbele.

Orodha ikikamilika, isainiwe na wawili wenye sauti katika familia. Usicheke. Sahihi hizo zitakuokoa siku shangazi atakapouliza kwa nini yeye ni mgongo.

KISANDUKU: MAREHEMU NA WASIOKUWEPO

Je, unaweza kumchora mtu ambaye hakuwepo? Unaweza, na wakubwa walifanya. Jacques-Louis David, alipochora kutawazwa kwa Napoleon ndani ya Notre-Dame ya Paris, tukio la tarehe 2 Desemba 1804, alimweka mama yake Napoleon kwenye roshani ya katikati. Mama huyo hakuhudhuria.

Sisi wenyewe tuna mfano wa zamani zaidi. António Manuel ne Vunda, balozi wa mfalme wa Kongo kwa Papa, alifika Roma akiwa mgonjwa akafa Januari 1608 kabla ya kupokewa rasmi kwa sherehe. Miaka michache baadaye, 1616 hadi 1617, Papa Paulo V alipopamba ukumbi mkubwa wa jumba la Quirinale kwa michoro ya mabalozi wa dunia wakichungulia kutoka roshani, Wakongo nao wakapewa roshani yao.

Kanuni tatu tu hapa. Marehemu achorwe kwa umri ambao waliomfahamu wanamkumbuka, siyo umri wa picha ya pasipoti. Awe mahali ambapo asiyejua hatashtuka: pembeni, juu, karibu na mwanga. Na asiguswe na mtu yeyote; mkono wa aliye hai begani mwa marehemu huwasumbua wazee, na nyumba haipati amani.

HATUA YA 4: KUSANYA PICHA NA VIPIMO

Mchoraji aliyeona misa huchora tofauti na aliyesimuliwa. Kama sherehe bado haijafika, mwalike, mpe kiti upande ambao mchoro utatazamwa kutoka huko, na umlishe kama mgeni. Rubens mwenyewe alikuwepo Firenze Oktoba 1600 wakati Marie alipoozwa kanisani kwa uwakilishi, mjomba wake akisimama badala ya mfalme. Zaidi ya miaka ishirini baadaye alipoichora harusi ile, alikuwa anachora alichokiona kwa macho.

Sherehe ikiwa imeshapita, mpelekee haya:

• Picha tatu za kanisa likiwa tupu, zilizopigwa kutoka sehemu moja: mbele, kushoto, kulia. Omba ruhusa kwa paroko kwanza. Wakati wa misa usipande hatua za altare na simu.
• Picha moja iliyopigwa saa ileile ya sherehe, ili mwanga wa madirisha uwe wa kweli. Misa ya saa tatu asubuhi haina kivuli cha misa ya jioni.
• Kwa kila mtu wa sehemu ya kwanza ya orodha, picha mbili za uso: moja ya mbele, moja ya upande. Zisiwe zile zilizolainishwa na programu ya simu. Mchoraji hawezi kuchora ngozi isiyo na alama, na akiweza, utapata mwanasesere.
• Kipande halisi cha kikwembe kilichovaliwa, hata kama ni upana wa kiganja.

HATUA YA 5: TAFUTA MCHORAJI

Ukikaa upande wa Karavia, kando ya ziwa, utaona kwamba kazi nyingi zinazoletwa kwa wageni wa hoteli kubwa ni vijiji, wanyama na wanawake wenye mitungi. Mtu anaweza kuzichora vizuri sana na asiweze kumchora mama yako. Usimhukumu kwa kazi hizo, wala usimwajiri kwa hizo. Omba kuona sura za watu unaowafahamu, au mtu aliye hai anayeweza kusimama kando ya mchoro wake.

Pita mjini: Institut des Beaux-Arts, Jumba la Makumbusho la Taifa, kituo cha Picha ambacho kimekuwa kikiandaa biennale tangu 2008. Uliza majina, kisha nenda karakana. Ukifika, tazama mambo haya kabla ya kutaja bei:

• Mikono. Uso watu wengi huuweza. Vidole vikiwa kama soseji, ondoka.
• Ngozi. Je, watu wote wana kahawia moja iliyotoka kwenye chupa moja? Katika familia moja tu kuna weusi wa namna nne.
• Kazi ya zamani. Mwombe akuonyeshe iliyotundikwa nyumbani kwa mtu miaka mitano. Rangi iliyopasuka au kitambaa kilicholegea kitakuambia mengi kuliko maneno yake.

HATUA YA 6: MCHORO MDOGO, HALAFU KARATASI

Kabla ya kitambaa kikubwa, dai mchoro mdogo wenye watu wote mahali pao, hata wa penseli. Rubens alitengeneza michoro midogo ya rangi kwa kazi ile ya Marie. Mingi bado ipo Munich na Saint Petersburg. Ilimsaidia. Mchoro mmoja uliokusudiwa kuonyesha malkia akifukuzwa Paris uliondolewa, ukawekwa mwingine wa amani na neema, maana wa kwanza ungemchokoza mwanawe, mfalme Louis XIII. Hebu fikiria ugomvi huo ungetokea baada ya kila kitu kutundikwa.

Mchoro mdogo uonyeshe kwa watu wawili waliosaini orodha, basi. Ukiutuma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo utapata maoni sitini na mchoraji atapandisha bei, kwa haki.

Kisha andikeni karatasi.

KISANDUKU: YALIYOMO KATIKA MAPATANO

• Vipimo vya tablo bila fremu ya nje, na kama fremu imo katika bei.
• Aina ya rangi: mafuta au akriliki.
• Idadi ya sura zinazotakiwa kutambulika, majina yakiambatanishwa.
• Nani atachora sura. Mapatano ya Rubens ya 1622 yalimtaka achore watu kwa mkono wake mwenyewe. Wanafunzi wake wangeweza kusaidia mengine. Iga hilo.
• Bei, na sarafu yake. Dola au faranga za Kongo, iandikwe, maana bei ya kubadilisha haisubiri tablo ikauke.
• Malipo kwa mafungu matatu: la vifaa, la katikati sura zikishaonekana, la mwisho siku ya kukabidhiwa. Usilipe zote mwanzoni. Usimnyime la kwanza pia; hana mfuko wa kununua kitambaa chako.
• Marekebisho mangapi yamo ndani ya bei. Mawili yanatosha.
• Kama kazi ni ya tablo mbili, kila moja iwe na mapatano yake. Marie aliagiza na mfululizo wa pili, juu ya Henri IV. Haukumalizika kamwe, naye akafa uhamishoni Cologne mwaka 1642.

HATUA YA 7: NGUO NA ALAMA

Kikwembe cha sherehe ni mtihani. Mchoraji akijaribu kuchora kila ua la kikwembe kwa mama kumi na wanne, macho ya mtazamaji yatachoka na sura zitazama ndani ya maua. Fundi mzuri hufanya hivi: kwa mama wawili wa mbele anachora ua kamili, tena kubwa, likifuata mkunjo wa nguo na kukatika pale nguo inapopinda, kwa wanaofuata anaweka rangi kuu mbili na vidokezo, kwa wa nyuma ni doa tu. Jicho lako litajaza mengine. Ukiona ua limepita juu ya mkunjo bila kupinda, kana kwamba limebandikwa, mwambie arudie. Hapo ndipo nguo inapokufa.

Alama za kuongeza, kama malaika, njiwa, mwanga kutoka juu au sarafu za Rubens, zisizidi moja au mbili. Na kuna moja ya kwetu ya kuwa nayo makini. Msalaba mdogo wa shaba wa Katanga ni mzuri kwenye altare au kanzu, nao ulitumika kama fedha kabla ya wakoloni. Lakini misalaba mitatu ya shaba ilikuwa kwenye bendera ya Katanga iliyojitenga, 1960 hadi 1963. Mmoja ni urithi. Mitatu pamoja, hasa ukutani kwa mtumishi wa serikali, italeta maswali ambayo hukuyaagiza.

HATUA YA 8: KAZI IKIENDELEA

Nenda karakana mara mbili: watu wanapokuwa vivuli bila sura, na sura zinapoanza kutoka. Mara ya kwanza angalia nafasi tu. Mara ya pili nenda na mtu mmoja anayewafahamu wazee vizuri, na muulize swali moja kwa kila uso: "Huyu ni nani?" Usimtajie jina. Akikosea, uso haujafika.

Epuka kukaa nyuma ya mchoraji ukielekeza brashi.

Rangi za mafuta zitakauka juu kwa siku au wiki kadhaa, lakini ndani huchukua miezi. Vanishi ya mwisho isipakwe kabla ya miezi sita, na mwaka mmoja ni bora zaidi. Akriliki hukauka siku hiyohiyo na ni rahisi kusafirisha. Haina ule mwanga wa ndani wa mafuta kwenye ngozi, ila kwa familia yenye haraka inatosha.

HATUA YA 9: KUTUNDIKA NA KUTUNZA

Lubumbashi ina maadui wawili wa tablo, na wanapokezana. Kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi au Aprili ni mvua: ukuta wa nje unanyonya maji, na karibu na ziwa hewa yenyewe ni mbichi. Kisha kinakuja kiangazi na vumbi jekundu linaloingia hata dirisha likiwa limefungwa.

• Chagua ukuta wa ndani, siyo wa nje. Weka vipande viwili vya kizibo nyuma ya fremu, chini, ili hewa ipite.
• Hapa tuko kusini ya ikweta. Mwezi wa Juni jua la mchana liko upande wa kaskazini. Ukuta unaopigwa na jua la dirisha la kaskazini usiutumie.
• Mbali na makaa na jiko. Umeme ukikatika, mshumaa usikae chini ya tablo.
• Vumbi liondolewe kwa brashi laini kavu. Maji, sabuni, nusu ya kitunguu na mafuta ya kupikia, ambavyo watu hupendekeza kwa ujasiri, vyote ni marufuku.
• Usikunje kitambaa cha rangi ya mafuta. Kikilazimika kusafiri, kiviringishwe juu ya bomba nene, rangi ikiwa upande wa nje.

MAKOSA YANAYORUDIWA

Kuagiza ukubwa wa ukuta mzima: tablo inayogusa kona zote haina pa kupumua. Kumtaka mchoraji apunguze umri wa kila mtu: tablo inakuwa ya watu wasiofahamiana. Kumpa picha moja ya simu na kumwambia "iwe hivyohivyo": basi chapisha picha, ni rahisi zaidi. Kumlazimisha kila mtu amtazame mtazamaji, kama picha ya darasa: katika misa watu hutazama altare, na wawili tu wakigeuka kukutazama wewe, hao ndio watakaokumbukwa. Chagua vizuri ni akina nani.

KABLA YA KULIPA FUNGU LA MWISHO

☐ Kila aliye kwenye sehemu ya kwanza ya orodha yumo, na mtu asiyeambiwa amemtambua.
☐ Mikono imehesabiwa. Vidole pia.
☐ Wazazi wa pande mbili wana ukubwa sawa.
☐ Kitambaa kimekazwa. Ukikigonga kwa kidole kinajibu.
☐ Sahihi ya mchoraji na mwaka vipo mbele, chini.
☐ Nyuma yameandikwa, kwa penseli kwenye mbao na siyo kwenye kitambaa: jina la kanisa, tarehe ya sherehe, na majina ya watu kutoka kushoto kwenda kulia, mstari kwa mstari.
☐ Nakala ya majina hayo imebaki kwako, na nyingine kwa mchoraji.